Shairi la mti kwa darasa la pili: chukua mbuyu

Mwalimu, kwa shairi la mti lenye picha, la watoto wa darasa la pili, mimi ningechukua mbuyu. Ubuyu wanaujua, wengi wameshakula. Wasichojua ni kwamba ua lake hufunguka jioni, jeupe, likining'inia kichwa chini, na popo huja kunywa utamu wake usiku. Hapo mchoraji ana kazi ya kufanya!

Mizani 16 kwa mstari, yaani silabi 16 kama za shairi la kawaida, ni mirefu kwao. Nusu yake inatosha, wapige makofi wakihesabu:

Mbuyu wangu mnene,
Usiku unachanua,
Popo waje tuwaone,
Utamu wauchukua.

Picha isirudie maneno tu. Shairi limetaja popo, basi mchoraji aongeze poda ya ua iliyomganda popo usoni. Watoto watauliza wenyewe inakwenda wapi. Ukurasa wa kiangazi achore matawi matupu, maana mbuyu hupukutisha majani. Na tafadhali, maneno yasichapwe juu ya majani ya kijani, hayasomeki. Miti yenye macho na mdomo wa kucheka? Imetosha jamani.