Muulize Anti: Mbona nikipaka fandesheni nageuka kijivu?

Habari zenu wapenzi wasomaji. Wiki hii meseji nyingi zimekuja na jambo moja, shedi, yaani rangi gani uchukue, ya fandesheni na ya konsila ile ya kufichia madoa, kwa hiyo nimeamua nijibu za hilo tu, nyingine za nywele mnivumilie.

Anti shikamoo. Mi ni maji ya kunde, nakaa Mbagala. Nilinunua fandesheni Kariakoo, muuzaji akanipaka mgongo wa mkono akasema imekukubali hiyo, nikaenda nayo sendofu ya binamu yangu, kwenye picha zote uso kijivu na shingo rangi nyingine kabisa. Nikarudi akanipa iliyokolea zaidi, bado kijivu tu. Ngozi yangu ndo ina shida au?

Marahaba mwanangu. Ngozi yako haina shida yoyote, hilo liweke kichwani kabla hujatoa hela nyingine. Fandesheni unaiangalia kwa vitu viwili, kuna kukolea kwake halafu kuna andatoni, ile rangi inayochungulia kwa chini, kuna wenye unjano au udhahabu, kuna wenye wekundu, kuna weusi tii wenye ubuluu kwa mbali, na wapo wa katikati. Muuzaji alikuangalizia kukolea peke yake. Sasa fandesheni zinatengenezwa kwa kuchanganya poda nyeupe inayoitwa titaniamu dayoksaidi na rangi za madini ya chuma, nyekundu, njano na nyeusi, na kiwanda kikizidisha nyeupe au kikaongeza nyeusi bila kutia nyekundu na njano ya kutosha, utapata shedi iliyokolea kweli lakini kwenye ngozi yetu inatoka jivu, ndo mana hata ulivyobadilishiwa hukuona tofauti. Na picha za flashi zinazidisha, hasa kama ulipaka sanskrini inayoacha weupe halafu ukashindilia pawda nyeupe juu.

Mgongo wa mkono sio mahali pa kujaribia fandesheni, kwanza una rangi yake, unapigwa na jua kila siku kuliko shingo. Pakaa kwenye taya kushuka shingoni, shedi 3 zikae pembeni kwa pembeni, halafu toka nje ya duka, usiangalie chini ya tyubulaiti, simama barabarani kwenye mwanga wa mchana na kioo chako kidogo, subiri kama dakika 10 au 15 hivi manake nyingi zinabadilika zikikauka, ile itakayopotea usiione ilipo ndo yako. Muuzaji akikuharakisha ondoka, maduka ni mengi. Na usilinganishe na paji la uso, sisi wengi paji na pembeni ya mdomo ni peusi kuliko mashavu, ukifuata mashavu peke yake uso utakuwa mweupe kuliko mwili, fuata taya na kifua.

Kuhusu kuijua andatoni, kile kipimo cha kuangalia mishipa ya mkononi kama ni ya kijani au ya bluu, kwa ngozi nyeusi mara nyingi hata haionekani vizuri, mi sikitegemei. Shika kitambaa cheupe pepepe karibu na shingo mchana ukiwa huna kitu usoni, uangalie ngozi inavutia kwenye njano au kwenye wekundu. Ukishajua, soma herufi za kwenye chupa. Mfano kampuni ya vipodozi ya MAC wanaandika NC kwa ngozi zenye unjano na NW kwa zenye wekundu, kwa hiyo NC45 na NW45 namba ni moja ila usoni ni vitu viwili tofauti, watu wengi wanashika namba wanasahau herufi.

Hujambo Anti, niko Likoni Mombasa. Mimi ni mweusi na chini ya macho pameiva zaidi. Konsila nikiipaka hupatoa jivu, nikiongeza ndio mbaya zaidi. Nichukue ya rangi gani?

Sijambo mpenzi. Usiongeze konsila, anza na korekta ya chungwa, ile krimu ya rangi inayopakwa chini kabisa kuua weusi. Weusi wa chini ya macho una ubuluu au uzambarau ndani yake, ukiweka konsila nyepesi juu ya ubuluu unapata kijivu, hata uweke ya bei gani. Rangi ya chungwa inauua ule ubuluu. Kwa mweusi kama wewe tafuta chungwa iliyoiva inayoelekea kwenye wekundu wa tofali, maji ya kunde wachukue chungwa ya kawaida, na weupe pichi inawatosha. Weka kidogo sana, pale penye weusi tu, gongagonga na kidole, ndo ufuate na fandesheni halafu konsila.

Hiyo konsila ya chini ya macho iwe nyepesi kuliko ngozi yako kwa shedi moja, mbili ndo mwisho. Lakini konsila ya kufichia chunusi na madoa iwe sawasawa na fandesheni, hapa ndo watu wanapoharibu, ukiweka nyepesi juu ya doa unalimulikia watu walione. Mtu akiwa na vyote viwili, macho na madoa, anahitaji konsila mbili.

Anti, niko Arusha, nilitumia mkorogo miaka ya nyuma na sa hivi uso ni mweupe, shingo na masikio meusi, halafu mashavuni kuna mabaka yana ubluu. Harusi yangu ni mwezi wa 12. Mekapu atisti anasema atanipaka hadi shingo na mikono niwe mweupe wote. Ni sawa?

Hapana mdogo wangu, mwambie hapana. Mwambie akupake kwa rangi ya kifua chako, ashushe uso ukutane na shingo, na yale mabaka ayawekee korekta ya chungwa kwanza. Utakuwa bibi harusi mzuri sana kwa rangi yako mwenyewe, na nguo nyeupe haitachafuka kola na mikono. Inaniuma kuona mabibi harusi wetu wanatolewa saluni hadi shangazi zao wanauliza huyu nani, mtu kalipa hela nyingi afanane na mtu mwingine siku yake.

Hayo mabaka ya ubluu yanaweza kuwa yametokana na haidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha ngozi, iliyokaa mda mrefu kwenye ngozi, na krimu nyingi za mkorogo zina hiyo au zebaki, zimepigwa marufuku Tanzania na bado zinauzwa. Nenda hospitali ya KCMC hapo Moshi, wana kituo kikubwa cha magonjwa ya ngozi, sio mbali na wewe. Na kama bado unapaka chochote cha kung'arisha, beba hata kopo lake, daktari alione, manake zile zenye steroidi ukiacha ghafla bila msaada uso unaweza ukawaka vibaya.

Salaam aleikum Anti, nipo Muscat. Fandesheni asubuhi inakaa vizuri ikifika mchana imekuwa ya machungwa na imekolea. Ni feki?

Waaleikum salaam bibie. Inaweza isiwe feki, fandesheni ikikutana na mafuta ya ngozi na hewa inakolea, na kwa joto la huko mafuta hayakosi. Paka sanskrini na losheni uziache zikauke kabisa, weka prima ya kuzuia mafuta, ile inayopakwa kabla ya fandesheni, fandesheni iwe nyembamba, na mchana fyonza mafuta kwa tishu kabla ya kugusia pawda. Ikiendelea chukua nusu shedi nyepesi zaidi.

Sasa Anti, niko Nairobi, pesa inatosha kitu kimoja, na kila shedi naona niko katikati ya mbili. Ninunue nini?

Poa mrembo. Nunua konsila ya rangi yako halisi, weka penye doa, pembeni ya pua na mdomo, ngozi nyingine iache ipumue. Kuwa katikati ya shedi mbili ni kawaida kabisa. Iman, yule mwanamitindo Msomali aliyegunduliwa akisoma chuo hapo hapo Nairobi mwaka 1975, amesimulia jinsi alivyofika Marekani akakuta hakuna fandesheni ya rangi yake akawa anachanganya mwenyewe, na mwaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi. Fenty Beauty ya Rihanna ilianza 2017 na shedi 40 na bado wapo wanaochanganya. Kwa hiyo pesa ikipatikana chukua mbili ndogo, moja nyepesi moja iliyokolea, unachanganya mgongoni mwa mkono kulingana na jua lilivyokupiga mwezi huo. Ukifika Dubois, kule kwenye maduka ya vipodozi, angalia sili haijafunguliwa, na ile alama ya kikopo chenye 12M maana yake miezi 12 tangu ufungue, uandike tarehe kwa kalamu chini ya chupa.