Kwa nini mathri hulainika siku ya pili

Mwenzetu ameuliza kwa nini mathri zake hutoka kwenye mafuta zikiwa na rangi nzuri, lakini kesho yake wakati wa chai huwa zimelainika. Tatizo hilo lilinisumbua kwa muda mrefu, na chanzo chake kilikuwa moto mkali.

Mathri ni vitafunwa vya chumvi vya kaskazini mwa India. Kwa gramu 250 za unga mweupe wa ngano mimi hutia vijiko 4 vya chakula vya samli iliyoyeyushwa, kijiko 1 cha chai cha chumvi na kiasi hicho hicho cha ajwain (mbegu ndogo za kiungo chenye harufu kali) niliyoifikicha viganjani. Samli hiyo, ambayo Wahindi huiita moyan, isuguliwe kwenye unga kabla ya maji, mpaka ukiufumbata unga ubaki na umbo la ngumi yako, kwa sababu ndiyo inayoufanya uvunjike kwa urahisi mdomoni. Maji yawe machache, na donge liwe gumu kuliko la chapati. Baada ya kusukuma, zitobolewe kwa uma zisije zikavimba kama puri.

Zamani nilizitia kwenye mafuta ya moto sana, zikabadilika rangi upesi huku katikati kukiwa na unyevu, na unyevu huo ndio uliosambaa usiku na kulainisha ganda. Siku hizi natia kwanza kipande kidogo cha donge: kikizama, kikatoa viputo vichache na kupanda taratibu, mafuta yako tayari. Huzikaanga kwa moto mdogo dakika 12 hadi 15, nikisikiliza, kwani mwanzoni mafuta huchachatika sana, kisha viputo hupungua na sauti hutulia maji yanapokaribia kwisha. Hapo navunja moja. Kati ikiwa bado ina utando mbichi, zilizobaki haziepuliwi.

Kanuni hii ya moto mdogo isihamishiwe kwenye chakli za unga wa mchele (vitafunwa vya Kihindi vilivyozungushwa kama koili), ambazo huhitaji moto wa wastani, la sivyo hunywa mafuta.

Zikishaiva, zitandazwe kwenye waya zipoe kabisa kabla ya kufungiwa mkebeni, kwa maana mvuke wa mathri vuguvugu hutosha kuharibu mkebe mzima. Zako zilizokwisha kulainika usizitupe: zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika kama 10, kisha ziache zipoe ndipo uzionje.