Barua kwa mwanangu: magongo ya baba yako mdogo

Mama Baraka mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba ili mama yako asisikie. Unauliza kama kuendelea kumpa Baraka dawa za sikoseli, wakati kanisa lenu limeingia kwenye siku 21 za kufunga kwa ajili yake, ni kukosa imani. Mchungaji wenu amewaambia mziweke dawa kando, Bwana aone kwamba mmemaanisha.

Nitakujibu. Ila kwanza yale magongo.

Ulikuwa darasa la tano. Unakumbuka baba yako mdogo Masanja alivyokuwa akipandisha mawe ya Igogo kwa makalio, tangu alipoanguka kwenye lori la dagaa na paja likaunga vibaya. Magongo tulichongesha kwa fundi, mbao ya mninga, na pale kwapani mama yako akaviringisha kipande cha kanga yake nyekundu maana mbao ilikuwa inamchubua. Ukaja mkutano wa injili pale Furahisha. Mhubiri simtaji, mama yako bado anamsikiliza redioni. Mimi nilikuwa mhudumu, nimevaa beji kabisa.

Masanja alipandishwa jukwaani akatembea. Nilizihesabu hatua: sita. Mguu ule ulikuwa haujakanyaga chini miezi kumi na minne. Uwanja mzima vigelegele, na mimi nalia kama mtoto. Kuna siku najiambia ulikuwa mori wa umati tu. Halafu usiku najibishia mwenyewe: Masanja na mori wapi na wapi? Mtu ambaye hata Simba ikifunga hanyanyuki kitini!

Magongo yakatupwa kwenye lundo mbele ya jukwaa, pamoja na fimbo na miwani za watu. Tulipofika barabarani mguu ukagoma. Nikambeba mgongoni hadi kituo cha daladala, na njia nzima hakuna aliyesema neno.

Asubuhi nikarudi. Kijana aliyekuwa analinda akaniambia, "Mzee, hayo ni ushuhuda. Ukiyachukua unamfungulia shetani mlango." Nikamwambia sawa. Nikakaa pembeni mpaka alipokwenda kununua chapati, nikaiona ile kanga nyekundu chini ya lundo, nikachomoa. Mzee wa kanisa mzima, AIC wananijua, nimekumbatia magongo nakata mitaa ya Kirumba kama mwizi wa kuku! Hapo huwa nacheka. Kinachofuata sicheki.

Nilimkuta Masanja amelala ameelekea ukutani. Nikayaegemeza kitandani. Akayatazama, akasema, "Kaka, umeniletea ugonjwa wangu."

Mlidhani alihamia Igombe kwa ajili ya kazi ya kushona nyavu. Hapana. Miaka miwili hakula chakula nyumbani kwangu. Aliamini kwamba angebaki bila magongo hata siku tatu, hatua ya saba ingekuja. Sijui. Naandika sijui, lakini mkono unataka kuandika kitu kingine.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: Mungu hana wivu na daktari. Hezekia aliomba akilia, akaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Najua mchungaji wenu atakufungulia Marko 5, yule mama wa miaka 12 aliyeteswa na matabibu wengi na kumaliza vyote alivyokuwa navyo. Ni kweli, imeandikwa, na mimi siwezi kuifuta. Lakini akueleze na habari ya Trofimo. Paulo, ambaye leso zake tu ziliponya watu, anamwandikia Timotheo: Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi. Basi. Hasemi Trofimo alikosa imani, hasemi nani alimloga.

Masanja alikuja kupasuliwa hospitali ya Bugando, hilo unalijua, wewe ndiye ulikuwa unampelekea uji. Wakauvunja mfupa upya, wakatia chuma. Leo anatembea na fimbo moja. Ukimuuliza nani kamponya anasema zile hatua sita za Furahisha zilikuwa arabuni, malipo yamekuja baadaye kupitia kwa daktari. Namwambia arabuni gani inayomrudisha mtu nyumbani mgongoni mwa kaka yake? Ananiambia ndiyo hiyo hiyo. Tumebishana mpaka mama yako ametukataza mezani.

Kwa hiyo kama mchungaji wenu ni mtu wa Mungu au la, usiniulize. Ulimi unaniwasha, lakini nilishawahi kuingilia muujiza wa mtu nikakosa ndugu miaka miwili. Fungeni, ombeni, mpakeni mafuta, Yakobo ameruhusu. Ila vidonge vya mtoto visikose hata siku moja, foliki na haidroksiurea vyote. Ulikuwepo daktari alipotuchorea zile chembe zinazojikunja kama mundu na kuziba njia ya damu. Baraka hakupandishwa jukwaani kwa hiari yake, ana miaka minne, maumivu yakija ni yeye atakayelia usiku. Mungu hana wivu na daktari, mwanangu. Hilo silihesabu kama hukumu.

Masanja nimemweleza. Amesema atafunga pamoja nanyi siku zote 21. Mimi na kisukari changu siwezi, ila kila siku saa mbili usiku, nikimeza cha kwangu, nitakupigia umpe na Baraka cha kwake. Simu usiizime.

Baba yako