Binti anataka kupanda farasi, mama hana amani

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 11, na likizo ya Juni anataka kujifunza kupanda farasi. Babu yake kule Mpwapwa ana punda wa kubebea maji, na binti amewapanda tangu mdogo, hivyo anaona farasi si kitu. Baba yake ameshakubali. Mimi naogopa ataanguka, atapigwa teke au mnyama atatoka naye mbio. Nimkatalie?
Mama wa Ipagala, Dodoma

JIBU: Usimkatalie, mama, ila usiruhusu kabla hujaenda kupaona mahali penyewe. Hofu zako zote tatu ni za kweli, na kila moja ina namna ya kuipunguza.

Mazoea ya punda yatamsaidia kutoogopa mnyama, lakini yanaweza pia kumponza. Punda akishtuka mara nyingi hugoma na kusimama. Farasi hukimbia kwanza. Ndiyo maana masomo ya mwanzo hufanyika ndani ya uzio, mwalimu akiwa ameshika kamba ndefu ya mita saba au nane, juu ya farasi mtu mzima, mpole, asiye dume la mbegu. Ukikuta mwanafunzi mpya anapelekwa njiani siku ya kwanza, mrudishe mtoto nyumbani. Omba pia vipindi vya asubuhi mapema. Upepo wa Dodoma wa miezi hiyo ukishika, turubai linalopigapiga tu linatosha kumshtua farasi.

Kubwa kuliko yote ni kichwa. Anahitaji kofia ngumu ya wapanda farasi. Ya bodaboda au ya baiskeli haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi. Itikise kabla ya kufunga mkanda: ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Ikiteleza peke yake ni kubwa. Kama amesukwa, misuko ilale chini kabisa, kwa sababu kibutu cha kisogoni huinua kofia na kuacha paji wazi. Kofia iliyokwisha kugonga chini mtoto alipoanguka haifai tena, hata kama haina ufa, maana sehemu ya ndani inayomeza kishindo imeshabonyea. Usione haya kuuliza kofia ya kuazima ina historia gani.

Kisha tazama miguu. Punda wa babu hana vikuku, yaani vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, kwa hiyo hatari hii binti haijui: akianguka mguu umenasa, ataburuzwa. Raba na yeboyebo hupenya kikuku hadi kwenye kifundo. Avae kiatu kilichofunika mguu, chenye kisigino cha sentimita 2 hadi 3 na soli isiyo na meno makubwa. Kikuku kiwe kipana kuliko kiatu kwa takriban sentimita 2.5, na akanyagie sehemu pana ya mbele ya unyayo.

Mwangalie pia mwalimu anavyokaza mkanda wa tandiko. Farasi wengi hujaza tumbo wanapofungwa, hivyo mkanda hukazwa tena kabla ya kupanda na mara nyingine baada ya dakika chache za kutembea. Asipofanya hivyo, tandiko linaweza kuzunguka na mtoto juu yake.

Mateke huja mtu akiwa chini. Farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa, basi binti amwendee kwenye bega huku akimsemesha, asipite nyuma yake ila kwa umbali wa mita tatu au zaidi. Kamba asijizungushie mkononi kamwe.

Akianguka na kugonga kichwa, asipande tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Kwa saa 48 mtu mzima awe karibu naye. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kuuma, mpeleke hospitali mara moja. Na kabla ya somo la kwanza, peleka kadi yake ya kliniki kituo cha afya waangalie chanjo ya pepopunda, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi ya farasi, na huko mikwaruzo haikosekani.