Soma Kiwanja Kabla ya Jengo: Kwa Wanaoanza Utafiti wa Dar es Salaam ya Kikoloni

Wanafunzi wengi wa historia, usanifu majengo na mipango miji wakipewa kazi kuhusu Dar es Salaam ya zamani hukimbilia kamera. Hupiga mnara wa kanisa la Azania Front, hupiga Mtakatifu Yosefu kwa pembe zote, hurudi chuoni na picha mia mbili nzuri ambazo hazijibu swali hata moja. Siku ya kwanza iache kamera nyumbani. Chukua daftari, shuka Kivukoni asubuhi, pita Barabara ya Ocean, rudi ndani kupitia mitaa ya maduka hadi Mnazi Mmoja, umalizie Kariakoo. Kwa kila mtaa andika mambo matatu tu: upana wa barabara, nafasi iliyoachwa kati ya jengo na jengo, na mahali upepo wa bahari unapokatika.

Hilo la upepo usilidharau. Upande wa Ocean majengo yamekaa mbalimbali, yana miti na veranda pana, na upepo unayapitia. Ukiingia Uhindini, mitaa ya wafanyabiashara wa Kihindi, kuta zinagusana, duka chini na makazi juu. Kisha Mnazi Mmoja panafunguka ghafla, patupu, na ng'ambo yake inaanza mitaa iliyonyooka ya Kariakoo. Hiyo ni ramani ya sheria unayoitembelea kwa miguu. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya 1891 iligawa mji kwa aina ya nyumba: ufukweni nyumba za mtindo wa Ulaya tu, nyuma yake nyumba za vifaa imara, na nyumba za miti na udongo zikasukumwa mbali. Kanuni ilizungumzia vifaa, lakini vifaa vilikuwa fedha, na fedha ilifuata rangi. Waingereza walioingia mjini Septemba 1916 waliendeleza mgawanyo huo, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukabaki kama ukanda wa kuwatenganisha Waafrika na jamii nyingine. Wenyeji waliipa mipaka hiyo majina ambayo bado tunayatumia: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ukiandika juu ya jengo lolote la umma bila kusema liko upande gani wa mipaka hiyo, umeliondolea nusu ya maana yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni hospitali. Ile ya Ocean Road, iliyojengwa 1897, iliwekwa mbele ya bahari kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, ndani ya mji. Ocean Road bado imesimama, leo ni taasisi ya saratani, na kila mgeni huipiga picha. Ya Sewa Haji ilitoweka. Huduma zilihamia hospitali mpya ya miaka ya 1950 ambayo ndiyo Muhimbili ya leo, na jina lake utalikuta kwenye jengo la wodi huko. Kwa hiyo usiandike historia ya yale yaliyobaki tu. Tengeneza orodha ya pili, ya majengo yaliyobomolewa, na kwa kila moja uliza lilimhudumia nani.

Kosa jingine la kawaida ni kusema Wajerumani ndio walioanzisha mji. Kijiji cha Mzizima kilikuwapo, na Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860. Boma la Kale, kando ya Sokoine Drive, ni la 1866 hadi 1867, lilijengwa kupokea wageni wa Sultani. Majid alifariki 1870, Barghash, ndugu yake aliyemrithi, akaupa mji kisogo, na Wajerumani walikuja kuutumia baadaye. Walihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo 1891 kwa sababu ya bandari: Bagamoyo maji ni mafupi na meli hutia nanga mbali, ilhali hapa lango ni jembamba na ndani kumetulia. Reli iliyoanza 1905 na kufika Kigoma 1914 ndiyo iliyoufunga mji na bara, na ndiyo inayoeleza kwa nini eneo la Gerezani likawa sehemu ya kazi na karakana.

Sasa vifaa. Usikisie umri wa jengo kwa sura ya mbele, kwa kuwa sura hupakwa upya. Pima upana wa vyumba. Nyumba ya mawe ya matumbawe yenye dari ya boriti za mikoko huwa na vyumba vyembamba, aghalabu chini ya mita 3, kwa sababu boriti haifiki zaidi ya hapo bila kulegea. Ukikuta ukumbi wa mita 5 au 6 usio na nguzo katikati, tafuta mihimili ya chuma iliyoletwa kwa meli. Pima pia unene wa ukuta pale penye dirisha. Matumbawe na chokaa hutaka nusu mita au zaidi. Ukipata ruhusa, kwaruza lipu mahali palipofichika kwa ncha ya msumari: chokaa hutoa unga mweupe, saruji hugoma na kubaki ya kijivu.

Saruji hiyo ndiyo adui mkubwa wa kuta hizi. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi na kuyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Fundi akipiga saruji juu yake, maji hukosa njia. Utaona rangi imevimba kuanzia sakafuni hadi karibu na kiuno, kisha lipu inadondoka na kung'oa uso wa jiwe. Kupiga saruji nyingine juu yake ni kuongeza ugonjwa. Saruji iondolewe, ukuta uachwe ukauke, halafu lipu ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi, ipigwe kwa tabaka nyembamba na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka.

Tarehe nazo zina mitego. Ikulu huitwa jengo la Kijerumani, lakini nyumba ya gavana ilipigwa mizinga na Waingereza mwaka 1914, na ile unayoiona ilijengwa upya 1922. Sanamu ya Askari ni ya 1927. Kabla yake pale ilisimamishwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Samora Avenue kwenye nyaraka utaikuta kama Unter den Akazien, kisha Acacia Avenue, kisha Independence Avenue. Tengeneza jedwali la majina ya mitaa kabla ya kufungua jalada la kwanza, la sivyo utahesabu barabara moja mara nne.

Kwenye Nyaraka za Taifa majalada ya Wajerumani yana herufi G. Mengi ni mwandiko wa mkono wa kale unaowashinda hata wasomaji wazuri wa Kijerumani, basi anza na yaliyochapwa. Beba barua ya utambulisho na kibali cha utafiti. Ikulu na bandari usizipige picha bila ruhusa.

Na jambo la sheria, kwa wanaodhani jengo la kale linalindwa na ukale wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Boma la Kale limekosa kwa miaka mitatu hivi, na majengo yote ya Kijerumani yako nje kabisa. Yanahitaji kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo kila unapopima jengo, tafuta kama limetangazwa. Kama bado, chora ramani yake ya sakafu kwa vipimo kamili, hesabu milango na madirisha, piga picha ngazi, dari na viungo vya mbao, na uache nakala maktabani wiki hiyohiyo.