Kifafa na mzizi wa shingoni: "lakini dokta, imeandikwa vitabuni"

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana miaka 9, ana kifafa, yuko kwenye fenobabitoni. Kuna jamaa anauza mzizi wa kuvaa shingoni, anasema ni tiba ya Wagiriki wa kale na ya Waarabu enzi za Ibn Sina, yule tabibu wa Kiajemi wa miaka elfu iliyopita, iko mpaka vitabuni, ila masharti yake vidonge viachwe. Mama ameshaanza kumpunguzia dozi. Ni kweli watu wa zamani walitibu hivyo?

JIBU: Marahaba. Mwambie mama arudi kwenye dozi ya kliniki leo hii, fenobabitoni haikatwi kienyeji, ukiikata degedege linaweza kuja mfululizo bila kuachia na hapo ndo tunapoteza watoto.

Sasa huyo jamaa hajadanganya yote, na ndo maana ananikera zaidi. Mzizi upo kweli vitabuni. Galen, daktari wa Roma karne ya 2, aliandika habari za mtoto aliyevalishwa mzizi wa peonia (mmea wa maua) akakaa miezi nane hajaanguka, ukadondoka akaanguka, akavalishwa tena akatulia, Galen akauvua makusudi apime, mtoto chini. Wenzake wa baadaye, Waarabu na Wazungu, wakainakili hiyo stori kwa mamia ya miaka. (Peonia yenyewe haioti huku kwetu, sijui huyo anauza mzizi wa nini.) Ukiisoma haraka unasema ushahidi si huu hapa! Ila ni mtoto mmoja, na kifafa kina tabia ya kuja na kupotea, kuna mtoto anamaliza mwaka mzima hajavaa kitu na hajaanguka, halafu wiki moja anaanguka mara nne. Chochote utakachomvalisha kikikutana na kipindi ametulia kitaitwa dawa.

Na hili la "ni ya kale kwa hiyo imeshajaribiwa" nalisikia kila siku kliniki. Ya kale ipi jamani? Babeli walikuwa na vibao vya udongo vilivyoandikwa kwamba aina hii ya kuanguka ni pepo fulani, aina ile mzimu fulani. Roma walimtemea mate mgonjwa ili ugonjwa usiwapate wao, na kuna waliokunywa damu ya moto ya mpiganaji aliyeuawa uwanjani wakidhani watapona. Mbona hiyo haiuzi?

Halafu Wagiriki haohao anaowataja, karibu mwaka 400 kabla ya Kristo, waliandika kitabu kizima cha kuwapinga watu wa aina yake, kinahusishwa na Hippocrates, tabibu wao maarufu. Kinasema ugonjwa huu unatoka kwenye ubongo, na wanaowasingizia miungu ni wababaishaji wanaoficha kwamba hawajui la kufanya. Waganga wa kule walikuwa na masharti yao, usioge, usile mbuzi wala kitunguu, usivae nguo nyeusi, usilalie ngozi ya mbuzi. Mwandishi akawauliza, kama shida ni mbuzi, Walibya wa bara wanaovaa na kulalia ngozi za mbuzi si wangekuwa wagonjwa wote? Akasema mpasueni kichwa mbuzi mwenye kifafa, mtakuta ubongo umejaa maji na unanuka. Sababu alikosea, alidhani belghamu inaziba mishipa inayopitisha hewa, ila mahali alipatia. Hata Ibn Sina aliuweka kwenye ubongo.

Kinachoniuma ni kwamba yale ya mate ya Roma bado tunayo. Mahenge, huko Morogoro, kuanzia miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alikuta wagonjwa wenye makovu mabaya ya moto, mtu akiangukia jikoni watu wanaogopa kumgusa, eti povu linaambukiza. Povu ni mate tu! Mtoe motoni, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, ikipita dakika tano hospitali. Na huo mzizi muuvue, maana mtoto akianguka kitu cha kwanza tunacholegeza ni chochote kilichofungwa shingoni.