Gari yenye kilomita nyingi inauawa na kurukwa sevisi

Wakuu, karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza, nimepata gari imetembea kilomita laki mbili na ushee, nichukue au niachane nayo? Mi naendesha Toyota IST ya 2003 injini ya 1NZ, dashibodi inasoma zaidi ya kilomita 300,000 na bado naipandisha Kitonga nikienda Iringa na familia ndani bila wasiwasi, kwahiyo namba kubwa hainitishi. Gari inayonitisha ni ile ambayo hata mwenyewe hajui ilimwagwa oili lini.

Tuanze na oili maana injini nyingi zinafia hapo. Watu wanasema IST haina taimingi belti, yani ule mkanda wa ndani unaozungusha valvu za injini, ina cheni, basi we jaza mafuta utembee. Kweli ni cheni, lakini hiyo cheni inalainishwa na oili, kile kidude cha kuikaza kinasukumwa na presha ya oili hiyohiyo, na VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, nayo inategemea oili inayopita kwenye chujio dogo sana. Oili ikiachwa mpaka inageuka tope, asubuhi ukiwasha unasikia cheni inakwaruza sekunde mbili tatu alafu inanyamaza, na wengi wakiona imenyamaza wanajua imepona. Haijapona. Mi namwaga kila kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia, na filta inabadilishwa siku hiyohiyo. Kama unashinda kwenye foleni ya Mbagala usiamini kilomita peke yake, unaweza kukaa saa zima injini inaunguruma na gari imesogea kidogo tu, oili inachoka wakati dashibodi haisemi kitu. Na usingoje siku ya sevisi kuchomoa stiki ya kupimia oili, injini ya umri inakula oili hata kama haivuji, hii ya kwangu inachukua lita 3.7 tu na filta, ikipungua lita moja, basi zaidi ya robo ya oili yote imeshaondoka.

Alafu kuna faida ya sevisi ambayo watu hawaihesabu kabisa, kwamba siku hiyo kuna mtu yuko chini ya gari yako. Simama naye, muulize, angalia kwa macho yako. Ile raba yenye mikunjo inayofunika jointi ya ekseli, mafundi wanaiita buti, ikichanika unakuta grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu. Ukiiwahi unabadilisha buti na grisi, hela ndogo. Ukiiacha, mchanga na maji vinaingia, baada ya muda ukikata kona inalia tak tak tak, hapo unanunua jointi nzima, na ikikukatikia njiani unalipa na breki dauni ya kukuvuta. Hivyohivyo kwa bushi zilizopasuka, fani belti yenye nyufa, pampu ya maji yenye alama ya kulanti (maji maalum ya kupoza injini) iliyokauka pembeni. Gari nzee inatoa taarifa mapema sana, ila lazima awepo wa kuisoma.

Kwenye rejeta ndo naomba mnisikilize vizuri. Bloku na hedi ya hii injini vyote ni aluminiamu, na visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi. Ukijaza maji hayo yanakula aluminiamu polepole, ukoko unaziba rejeta, mjini huoni kitu, siku umepakia watu unapanda mlima gari inachemsha, hedi inapinda, gasketi imekwenda. Weka kulanti. Na fundi akikwambia atoe thermostati eti kwetu joto, mkatalie kwa heshima. Ile inafanya injini ifike joto lake la kazi haraka na ibaki hapo, ukiitoa injini inachelewa kupata moto, petroli inaliwa zaidi na unyevu unabaki kwenye oili. Kama inachemsha kuna sababu, iwe feni, kofia ya rejeta, pampu au rejeta yenyewe, itafutwe.

Gia boksi ya otomatiki nayo ina oili yake, kwa IST yangu ni T-IV, usiweke ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Namwaga kwa kizibo cha chini, inatoka kama lita 3, najaza kiasi kilekile, sevisi nyingine narudia.

Kama bado unaona ni maneno tu, marehemu Irv Gordon, mwalimu wa Marekani, alinunua Volvo P1800S mpya mwaka 1966 na mwaka 2013 akaivusha maili milioni 3, yani kilomita milioni 4.8. Alikuwa anafuata kitabu cha gari na kumwaga oili kwa wakati.

Sasa wewe unayenunua. Fungua mlango wa dereva au boneti utafute stika za Kijapani, wenzetu wanabandika tarehe na kilomita za oili au za taimingi belti. Mwaka unaweza kuandikwa kwa kalenda yao, Heisei 15 ni 2003. Stika ya sevisi iliyofanyika ikisoma kilomita nyingi kuliko dashibodi, ujue maileji imerudishwa. Usipokuta stika wala daftari la sevisi, toa kwenye bei gharama ya oili zote, filta, kulanti, plagi na fani belti, na kama ni Corolla 110 yenye injini ya 5A ongeza taimingi belti, maana hiyo ni ya kubadilisha kila kilomita 100,000. Muuzaji akigoma kupunguza, magari bandarini yapo mengi.